Dirisha Likilala

Siku walipotia aluminiamu mpya kituo cha afya, Konde,
madirisha ya zamani yaliegemezwa ukutani, upande wa jaa,
kumi na moja, mbao za mvule, buluu imebambuka,
yamekaa foleni kama wagonjwa wangojao kuitwa.

Nikamwambia fundi Faki: hayo nipe mie.
Akauliza, una nyumba ngapi, Bi Mkasi,
za kutia madirisha kumi na moja?
Nikamjibu, sina nyumba. Nina tungule.
Akacheka hata msumari ukamtoka mdomoni.

Sikumweleza.
Miaka ishirini na miwili nimeyafuta yale,
gazeti, maji, tone la siki,
duara juu ya duara, kona kwa ncha ya kidole.
Ufa ule wa pembeni, mfano wa mto wenye vijito viwili,
ni pete ya Shaame Hamad,
aliyegonga alfajiri kwa furaha
alipoambiwa: pacha, na mama yao mzima.
Na kile kioo cha chini, chenye povu dogo ndani yake,
hapo niliegemeza paji la uso usiku mmoja
nikahesabu taa za magari barabarani
hata zikaisha.
Hilo tuliache.

Gari la ng'ombe la Mbarouk lilikwenda safari mbili.
Ng'ombe alijiona kiooni, akagoma;
ikabidi nivue kanga ya juu nimfunike mwenzake yule.

Tofali mbili huku, tofali mbili kule,
udongo mwekundu, samadi ya mbuzi,
na dirisha juu, limelala chali,
halitazami tena njia wala mlango, linatazama mbingu.
Mvua ya masika kwetu hainyeshi, inachapa.
Kila mwaka ilinilaza miche kifudifudi matopeni.
Mwaka huu ilichapa kioo,
na tungule chini yake zikaisikia tu
kama ugomvi wa nyumba ya pili.

Lakini nisijisifu. Kundi la kwanza nililiua mwenyewe.
Mvua ilikatika siku tatu, jua likasimama utosini,
nikafunua adhuhuri nikakuta mboga imeshaiva
bila chungu, bila kuni.
Mize, jirani yangu, akachungulia juu ya ua:
"Kioo hakijui kusema basi. Kipake chokaa,
na ukitie jiwe pembeni kipumue."

Chokaa!
Ndoo nikakoroga, brashi nikachovya,
mkono ukakataa.
Nusu ya umri wangu huu mkono umeapa
kioo kisiwe na hata alama ya pumzi.
Mazoea yana taabu.
Nikafumba macho, nikapaka kama mtu anayetukana.
Nilipoyafumbua, mwanga chini yake
ulikuwa laini, wa maziwa,
ule ule wa wodini saa kumi na mbili asubuhi,
kabla watoto hawajaanza.

Juzi pacha wa Shaame walikuja kununua kilo mbili.
Wana ndevu sasa, na pikipiki.
Mmoja akapitisha kidole juu ya ufa:
"Hiki kimevunjika, Bi Mkasi. Tukuletee kingine?"
Nikasema kinanitosha.
Nikapima kilo mbili,
nikaongeza tungule mbili juu, moja na moja,
wakadhani nimekosea mizani.

Kile chenye povu sikukipaka chokaa.
Nimekilaza mwisho wa tuta, karibu na mpapai,
na chini yake sikupanda kitu.
Nakipitia kila asubuhi na gazeti langu, na siki.
Leo nimekuta mchicha umeota humo,
miche minne, mitano, sijui mbegu imetoka wapi,
majani yamegusa kioo kwa ndani.

Nimekigonga kwa kucha, taratibu,
kama tulivyokuwa tukigonga kule
kabla ya kuingia.
Kisha nimekitia jiwe.